Taa Moja, Nyuso Nne: Kupiga Picha za Bendi ya Roki

Bendi ya roki humpa mpiga picha kazi mbili zisizofanana. Mchana anatakiwa kuwapanga watu wanne au watano waonekane kundi moja, na hapo taa ni yake, anaisogeza apendavyo. Usiku watu walewale wakipanda jukwaani, taa zinakuwa mikononi mwa fundi aliyekaa nyuma ya ukumbi, na mpiga picha hana amri nazo hata kidogo. Wengi huamini ugumu uko usiku. Mimi naona aliyejifunza kuusoma mwanga mchana, kwa subira, hufika jukwaani nusu ya kazi ikiwa imekwisha.

Chukua jalada la With the Beatles, albamu ya bendi ya The Beatles. Tarehe 22 Agosti 1963, Robert Freeman aliwapiga picha vijana wale katika hoteli ya Palace Court mjini Bournemouth, Uingereza, wakiwa ziarani. Studio hakuwa nayo. Walivaa sweta nyeusi za shingo ndefu, nyuma yao kukawa giza, na mwanga wa dirishani ukawaangukia upande mmoja tu, hivyo nusu ya kila uso inaonekana na nusu imezama kwenye kivuli. Kisha tazama alivyowapanga. Jalada la santuri ni mraba, na vichwa vinne vikiwekwa mstari mmoja huacha nafasi tupu juu na chini. Freeman aliwaweka watatu juu, akamshusha Ringo Starr kwenye kona ya chini kulia. Ringo ndiye aliyejiunga mwisho, mwaka mmoja tu kabla ya picha hiyo, tena ndiye mfupi kuliko wenzake. Mraba ukajaa, na kundi likasomeka bila maelezo.

Mwanga ule hauna bei. Mwenye kamera ya kawaida Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuupata leo: chumba chenye dirisha upande mmoja, taa za dari zimezimwa zote, na kitambaa cheusi kimetundikwa upande wa pili ili ukuta mweupe usirudishe mwanga usoni. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni ndizo saa zake. Adhuhuri jua letu hushuka wima, na ukiwapiga watu nje wakati huo macho yao yanageuka mashimo.

Hata hivyo mwanga wa kutoka juu si adui kwa anayeujua. Mick Rock aliutumia kwa makusudi alipopiga jalada la Queen II, albamu ya bendi ya Queen ya mwaka 1974. Alikuwa ameiona picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya filamu ya Shanghai Express ya 1932, akaichukua namna ile ya taa na kuihamishia kwa wanaume wanne waliovaa nyeusi mbele ya weusi mtupu. Brian May, mrefu wao, yuko juu. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, yuko chini yake, mikono imepishana kifuani. Wawili waliobaki wako pembeni. Mashavu yamechongeka, macho yako nusu kivulini. Mpangilio ule ulifaa kiasi kwamba bendi iliurudia mwaka uliofuata kwenye video ya Bohemian Rhapsody.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika picha za bendi changa ni ukuta wa matofali, watu wamejipanga kama wanasubiri daladala, mikono imekunjwa, mwimbaji katikati. Kabla ya kufungua begi la kamera, kaa nao. Sikiliza nani anaongea na nani anaangaliwa kabla jambo halijakubaliwa. Mara nyingine ni mpiga besi ambaye hajatamka neno. Muweke huyo mahali ambapo jicho litatua kwanza. Ukishawapanga kwa safu mbili, usiiache lenzi wazi sana: kwenye f/2 safu ya nyuma itapotea kwenye ukungu, kwenye f/8 sura zote zitakuwa kali. Na piga nyingi, maana katika watu wanne daima yupo anayefumba macho.

Jukwaani hesabu inageuka. Katika matamasha mengi makubwa mpiga picha huruhusiwa nyimbo tatu za kwanza tu, bila flashi, akiwa kwenye uchochoro ulio kati ya jukwaa na uzio wa mashabiki. Spika ziko karibu na sikio lake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inasema kelele za desibeli 100 zisizidi dakika 15 kwa siku, na roki hufika huko kirahisi. Vizibo vya masikio ni kifaa cha kazi sawa na lenzi.

Mwanzo mzuri ni lenzi ya f/2.8 iliyofunguliwa yote, shata 1/250 kwa anayeimba na 1/500 kwa anayeruka, ISO 3200 au zaidi. Usiiachie kamera ijiamulie. Ikiona jukwaa lote ni jeusi itadhani giza limezidi, itaongeza mwanga, na uso wa mwimbaji utaungua. Pima usoni, weka mwenyewe, weusi uachie uwe weusi.

Taa nyekundu ndiyo inayowatesa wengi. Katika kamera nyingi za dijitali, robo tu ya vitundu vya sensa hupokea rangi nyekundu. Nusu ni vya kijani na robo ya buluu. Taa ikiwa nyekundu tupu, robo ile inafurika na zilizobaki hazioni kitu, hivyo uso unakuwa bonge la rangi lisilo na pua wala kope. Punguza mwanga kidogo na uhifadhi faili ghafi. Picha zikikataa kabisa, zigeuze nyeusi na nyeupe. Lililo bora ni kusubiri. Mara nyingi mafundi wa taa hufuata wimbo: taa nyeupe inayowaka kwenye kiitikio cha kwanza ina nafasi kubwa ya kurudi kwenye cha pili. Kwa hiyo sikiliza albamu nyumbani mpaka ujue kiitikio kinaingia lini. Utajua pia mwimbaji anamaliza mstari wapi, kwa sababu hapo ndipo anaposogeza mdomo kutoka kwenye maiki na uso unafunguka.

Mahali pa kusimama pana uzito wake. Mpiga gitaa wa mkono wa kulia huelekeza shingo ya gitaa upande wa kulia wako ukimtazama. Simama huko kama unataka gitaa likujie kwenye lenzi, simama kushoto kama unataka mwili wake. Paul McCartney wa The Beatles hupiga kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana yeye na mwenzake George Harrison waliweza kugawana maiki moja bila magitaa kugongana, na wapiga picha wakaipenda sana sura ile.

Lakini ukali wa picha usikufanye mtumwa. Mnamo Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium mjini New York, Paul Simonon wa bendi ya The Clash alikasirika kwa kuwa mashabiki walilazimishwa kubaki vitini, akalipiga gitaa lake la besi sakafuni. Mpiga picha Pennie Smith alikuwa pembeni mwa jukwaa; alipomwona anamjia, akapiga huku anarudi nyuma. Picha ilitoka na ukungu, naye hakutaka itumike. Joe Strummer wa bendi hiyo na mbunifu Ray Lowry wakaing'ang'ania, ikawa jalada la albamu ya London Calling mwaka uleule. Walikuwa sahihi. Mgongo ule uliopinda unaeleza hasira ambayo picha kali ya mtu amesimama isingeibeba.

Kuna jambo la karatasi pia. Baadhi ya bendi humtaka mpiga picha atie saini kabla ya kuingia uchochoroni, na nyingine hudai haki zote za picha. Mwaka 2015 gazeti la Washington City Paper lilikataa mkataba wa bendi ya Foo Fighters, likatangaza kwamba litanunua picha kwa mashabiki watakaokuwapo. Omba mkataba siku kadhaa kabla ya tamasha, usome kifungu cha umiliki na cha muda wa matumizi, na ukitaka kibadilishwe andika mapema, kwa sababu mlangoni, milio ya dramu ikijaribiwa ndani, hakuna atakayekusikiliza.