Wimbo wa mzazi haumtoki mtoto

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Lakini kaa kwenye sherehe hadi usiku ukolee, DJ aanze kupiga zilipendwa, utawaona vijana wa miaka ishirini na kitu wakiimba pamoja na Mbaraka ubeti kwa ubeti. Hakuna aliyewafundisha. Muziki ule waliupata nyumbani, redio ya baba ikiwa juu ya kabati na mama akifua uani, miaka ambayo hakuna aliyedhani mtoto anasikiliza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake waliwapigia wanafunzi 62, wenye umri wa takribani miaka 20, vipande vya nyimbo zilizovuma kuanzia 1955 hadi 2009. Nyimbo za ujana wao wenyewe walizijua na kuzikumbuka kuliko zote, kama ilivyotarajiwa. Ila kumbukumbu na mapenzi yao vilipanda tena walipofika kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za ujana wa wazazi wao. Hata miaka ya 1960 ilionyesha mwinuko wake, na watafiti wakahisi huenda ni mkono wa mabibi na mababu.

Kumbukumbu ya aina hii huanzia tumboni. Kufikia wiki ya 28 hivi ya mimba, mtoto huitikia sauti za nje. Sauti nzito hupenya vizuri kuliko nyembamba, na ya mama humfikia kwa njia mbili: hewani, na kupitia mwili wake mama mwenyewe. Nchini Finland, watafiti waliwaomba wajawazito wapige wimbo mmoja wa watoto mara kwa mara katika miezi mitatu ya mwisho. Walipopima ubongo wa watoto hao baada ya kuzaliwa, kisha tena walipofikisha miezi minne, uliitikia wimbo ule kwa nguvu kuliko wa watoto ambao hawakuusikia.

Lakini kukumbuka si kupenda. Hapo ndipo utafiti wa Samuel Mehr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa 2016, unaponigusa zaidi. Watoto wa miezi mitano walifundishwa wimbo mpya. Baadhi waliimbiwa na mzazi nyumbani kwa wiki moja au mbili. Wengine waliusikia kwenye mwanasesere anayeimba. Kisha wakaonyeshwa watu wawili wasiowajua, mmoja akiimba wimbo ule, mwingine wimbo mgeni. Nyimbo zilipokwisha na wote wawili wakanyamaza, watoto walioimbiwa na mzazi walimkazia macho zaidi yule aliyeimba wimbo wa kwao, hasa wale walioimbiwa mara nyingi. Waliofundishwa na mwanasesere hawakujali yupi ni yupi. Wimbo ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kinywa kilichouleta.

Ndiyo maana siwashauri wazazi wahangaike kutafuta rekodi za Mozart eti mtoto awe na akili. Jaribio la 1993 lililozua imani hiyo lilifanywa kwa wanafunzi wa chuo, si kwa watoto wachanga, na matokeo yake yalidumu dakika chache tu. Sauti yako ya kukwaruza, ya mtu asiyejua kuimba, inafanya kazi ambayo spika haiwezi.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwarusharusha watoto wa miezi 14 kwa mdundo wa muziki, mbele yao mtu mzima akiruka pia. Baadaye mtu huyo alipojifanya kuangusha vitu, watoto walioruka naye sawasawa walikuwa wepesi zaidi kumwokotea kuliko wale aliowaacha nje ya mdundo. Mama anayetwanga au kucheza ngoma na mtoto mgongoni kwenye mbeleko anampa hayo yote kwa mpigo: mdundo, joto, na sauti inayotetemeka mgongoni pale shavu la mtoto lilipoegemea.

Sauti isizidi kiasi. Ikiwa mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane chumbani, redio iko juu mno kwa masikio ya mtoto, na hakuna haja ya kubandika spika kwenye tumbo la mjamzito.

Kwa watoto njiti, utafiti wa 2013 uliohusisha watoto 272 katika hospitali 11 za Marekani uliwaomba wazazi wachague wimbo wanaoupenda, ukaimbwa taratibu kama bembelezi. Mapigo ya moyo ya watoto yalitulia, na wazazi wenyewe wakapungukiwa na wasiwasi. Mama aliyemlaza njiti wake kifuani kwa huduma ya kangaruu anaweza kuanza leo, hata kwa zilipendwa ya baba yake.