Pampasi ya Mtu Mzima Safarini: Tumlaze Wapi?

Kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma, hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ukijumlisha mizani, stendi na foleni ya kuanzia Kibaha, abiria hukaa kitini saa nane, siku nyingine tisa. Pampasi ya mtu mzima iliyolowa haja ndogo haifai kukaa mwilini zaidi ya saa tatu au nne, hata ikiwa ya bei kubwa. Yenye haja kubwa inatakiwa itolewe mara moja. Maana yake mgonjwa anayetoka huku kwetu kwenda Hospitali ya Muhimbili kwa basi lazima abadilishwe njiani, walau mara mbili. Familia zinazojiandaa kwa safari hiyo huniuliza swali ambalo maelezo ya kwenye pakiti hayalijibu: tutamlaza wapi?

Kazi yangu ni uuguzi wa majumbani, hapa Nkuhungu na kata za jirani. Watu wazima wasioweza kuzuia haja ni wengi kuliko majirani wanavyodhani, kwa sababu wamefichwa. Wapo wazee waliopata kiharusi. Wapo wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, ambao kwa wiki au miezi kadhaa mkojo huwaponyoka wakikohoa au wakiinuka. Wapo vijana walioumia uti wa mgongo kwenye ajali za bodaboda, na wengine waliozaliwa na mgongo wazi ambao leo ni watu wazima wenye kazi na familia. Wengi wameacha kusafiri. Hawaendi msibani, hawaendi harusini, na wakipewa rufaa wanaahirisha mpaka ugonjwa uwazidi nguvu.

Wapo pia kina mama wenye fistula, na hawa nataka niwazungumzie peke yao. Uchungu unapopitiliza bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama iliyo kati ya kibofu na uke mpaka inakosa damu na kufa, na tundu linabaki. Mkojo hupita humo usiku na mchana bila kusubiri kibofu kijae, hivyo hata hesabu ya saa tatu haimfai mama huyu. Tundu hilo linashonwa na mtu anapona. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo, na kuanzia mwaka 2009 ikawatumia hata nauli kwa M-Pesa, maana wengi walikwama nyumbani kwa kukosa fedha ya basi. Ulikuwa uamuzi wa busara sana. Lakini nauli inamfikisha garini tu. Humo ndani yupo na abiria wanaofungua madirisha na kuulizana harufu inatoka wapi, na njia nzima hakuna chumba cha kujisafishia.

Kwa nini tusimwache mtu akae hivyo hivyo mpaka afike? Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na asidi hiyo ndiyo ulinzi wake. Mkojo ukikaa, bakteria huvunja yurea iliyomo na kuifanya amonia, asidi inapungua, ngozi inalainika na kufura. Kinyesi kikiongezeka, vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula tumboni hupata nguvu zaidi katika hali hiyo na kuanza kuila ngozi yenyewe. Weka juu yake uzito wa mwili uliokaa sehemu moja kwa saa nyingi, mtikisiko wa gari, joto la kiti cha ngozi bandia. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hahisi chochote. Anashuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, akiwa na wekundu kwenye makalio, baada ya siku chache ni kidonda, na kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi kufunga. Nimefunga vidonda vingi vilivyoanzia safarini. Ndiyo maana naomba mtu asiyeweza kujiinua asaidiwe kuegemea upande mmoja kisha wa pili kila nusu saa, hata kama pampasi yake ni kavu.

Njia ambayo familia nyingi hukimbilia ni kumvalisha pampasi mbili, moja juu ya nyingine. Haisaidii. Ya ndani ina nailoni upande wa nje, kwa hiyo ikijaa mkojo hauwezi kupenya kwenda kwenye ya pili, unatokea pembeni mwa mapaja. Mgonjwa anabaki na joto maradufu na nguo zimelowa vilevile. Kinachosaidia ni kuweka ndani ya pampasi moja kipande cha kunyonya kisicho na nailoni, kama nepi ya pamba iliyokunjwa. Jua pia kwamba kiasi cha mililita kinachoandikwa kwenye pakiti mara nyingi hupimwa kwa kuizamisha pampasi majini bila uzito wowote juu yake. Mtu akiikalia, uwezo wake unapungua sana.

Njia ya pili wanayoipenda ni kumnyima maji. Hii naichukia zaidi. Dodoma hewa ni kavu, mvua zetu ni za miezi michache, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka mtu hupoteza maji bila hata kuona jasho lake. Ukimnyima maji tangu jioni, mkojo unakuwa mzito na mkali, unakisumbua kibofu kiasi kwamba mtu anataka kukojoa mara nyingi zaidi, na maambukizi ya njia ya mkojo yanapata nafasi. Choo kinakuwa kigumu. Mzee anaanza kuchanganyikiwa njiani. Anywe kama kawaida siku ya kuamkia safari, na asubuhi apewe maji kidogo kidogo. Chai ya rangi, kahawa na soda ndivyo vya kuacha. Kama anatumia vidonge vya kuongeza mkojo, usimwachishe kwa uamuzi wako. Muulize daktari kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa.

Sasa mahali penyewe. Vyoo vya stendi na vya sheli vimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeingia kwa miguu yake, anachuchumaa, anatoka. Hakuna nafasi ya mtu wa pili anayemsaidia, hakuna pa kuning'iniza mfuko, na sakafu imelowa. Penye choo cha watu wenye ulemavu, mara nyingi kimefungwa na mwenye ufunguo hayupo, au kimegeuzwa stoo ya ndoo na mifagio. Meza za kubadilishia watoto, pale zilipo, hazibebi mtu mzima. Na basi linaposimama porini watu wachimbe dawa, yule aliyevaa pampasi na asiyeweza kutembea ndiye asiyefaidika hata kidogo.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayekwenda Dar es Salaam ni treni, kama nauli na ratiba vinaruhusu. Tangu huduma ya abiria ya SGR ilipoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 25, 2024, safari ile ya saa nane imekuwa ya chini ya saa nne. Mgonjwa akibadilishwa dakika za mwisho kabla ya kupanda, anaweza kufika pampasi ikiwa bado ndani ya muda wake. Ndani ya treni kuna choo, kinachomfaa anayeweza kusimama akiwa ameshika nguzo. Kwa watu ninaowahudumia, mabadiliko haya ni makubwa kuliko dawa nyingi.

Kwa wanaopanda basi pale stendi ya Nanenane, kazi inaanza nyumbani. Mbadilishe mwisho kabisa, bajaji ikiwa imeshafika mlangoni. Kata tiketi ya kiti cha karibu na mlango. Kwenye kiti tandika makintoshi, ile ile wanayoagizwa wajawazito, na juu yake kitambaa cha pamba ili ngozi isigusane na mpira. Kanga ya kufunika mapajani inatosha kumsitiri. Halafu ongea na konda kabla gari halijaondoka, na uongee waziwazi: "Mwanangu, nina mgonjwa hapa, tukifika Msamvu pale Morogoro naomba dakika ishirini, usiniache." Makonda wengi ni vijana waungwana wakiambiwa mapema. Wanachokataa ni kushtukizwa wakati abiria wameshapanda na dakika kumi za kula zimekwisha.

Dakika ishirini si anasa. Mtu anayeweza kusimama anabadilishwa kwa dakika tano: ashike ukuta au kiti, uchane pampasi ubavuni badala ya kuivuta miguuni, ufute kutoka mbele kwenda nyuma, ukaushe, umpake mafuta ya mgando safu nyembamba tu, maana yakizidi yanaziba pampasi isinyonye. Asiyesimama ni lazima alale. Anageuzwa ubavu mmoja, pampasi chafu inakunjwa kuelekea chini yake, safi inatandazwa nyuma yake, kisha anageuzwa upande wa pili. Haiwezekani kufanya hivyo kwenye kiti cha basi bila kumvua heshima yake mbele za watu.

Pa kumlaza panapatikana, ila kwa kuomba. Miji yote ya njiani, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Chalinze, ina zahanati au vituo vya afya, na ndani mna kitanda cha kufungia vidonda na muuguzi anayeelewa bila kuelezwa mara mbili. Gesti nazo hukodisha chumba kwa saa chache. Lipia, tandika makintoshi yako, acha chumba kikiwa safi. Msikiti una maji ya uhakika, na kanisa lenye ofisi lina mlango wa kufunga. Nenda na "samahani" na sababu yako, utasikilizwa. Tatizo la mahali hapa pote ni kwamba basi halisubiri. Kwa hiyo mgonjwa wa kulala ambaye hana uwezo wa treni, ni afadhali safari yake ikatwe Morogoro alale usiku mmoja, au ndugu wachangie gari aina ya Noah ambalo viti vyake vinalazwa na madirisha yakafunikwa kwa kanga. Mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023, simshauri mgonjwa wa aina hii: usiku zahanati nyingi zimefungwa na wazee wengi hukojoa zaidi saa hizo.

Pampasi iliyotumika usiitupe kwenye tundu la choo. Chembechembe zake hunyonya maji na kufura, zinaziba bomba, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kuzivuta shimoni. Haja kubwa imwagwe chooni, pampasi ikunjwe, iingie kwenye mfuko na kufungwa. Baadhi ya watu wanaogopa kubeba mifuko tangu marufuku ya Juni 1, 2019. Marufuku ile ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mifuko ya kuhifadhia taka haimo.

Lakini haya yote ni ya kujihami. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na majengo ya umma yanatakiwa yafikike na yatumike na kila mtu. Njia ya mteremko mlangoni inahesabika kuwa imetosha, wakati mtu akishaingia hana la kufanya humo. Uingereza walianza kampeni ya vyumba vya kumbadilishia mtu mzima mwaka 2006, na tangu Januari 2021 kanuni za England zinavidai katika majengo mapya makubwa ya umma: chumba cha mita za mraba 12, kitanda kinachopanda na kushuka, na winchi ya kumnyanyua mtu kutoka kwenye kiti chake. Sisi tunaweza kuanza bila winchi. Shuleni kwetu mwongozo wa vyoo wa mwaka 2016 ulikubali kwamba msichana anahitaji chumba cha kujistiri, si tundu tu, na vyumba hivyo vinajengwa na mafundi wa kawaida wa mtaani.

Ninachokiomba kwa halmashauri zinazomiliki stendi kuanzia Nanenane, Msamvu hadi Mbezi ni chumba kimoja katika kila stendi, chenye benchi la saruji lililopigwa vigae, urefu sentimita 180, upana 80, kimo cha sentimita 50 ili mtu ahamishwe kutoka kwenye kiti cha magurudumu bila kunyanyuliwa juu. Pembeni bomba la maji, ndoo ya taka yenye kifuniko, msumari wa kutundikia mfuko, nafasi ya watu wawili kuzunguka. Mlango ufungukie nje na uwe na komeo kwa ndani. Ufunguo ukae kwa mtoza ushuru wa zamu, na namba yake ya simu iandikwe mlangoni kwa rangi inayosomeka.