Njia ya usafiri ikihama, biashara ya kando ya barabara hubaki na nini?

MJI mdogo wa Katoro, mkoani Geita, ni miongoni mwa miji ya Kanda ya Ziwa iliyokua kwa kufuata barabara. Dhahabu iliwaleta watu, na mpunga, mahindi, mihogo na mananasi vikawalisha. Lakini kilichowakusanya mahali pamoja ni barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Sengerema na Geita kuelekea Bwanga na mkoani Kagera. Kandokando ya barabara hiyo ndipo zilipojipanga fremu za maduka, vibanda vya kuweka na kutoa fedha kwa simu, maghala ya nafaka, mama lishe na vijiwe vya bodaboda.

Leo Katoro imeshikana na Buseresere iliyoko wilaya ya Chato, kiasi kwamba mgeni anayepita kwa basi hawezi kutambua wilaya moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mwaka 2025 Katoro ilitangazwa kuwa jimbo la uchaguzi linalojitegemea. Hizo ni dalili za mji unaokua, na mji unaokua haukosi kupanua barabara, kuhamisha stendi na kufungua mitaa mipya.

Swali ambalo mfanyabiashara mdogo hujiuliza akiwa amechelewa ni hili: mambo hayo yakifika, mimi niliyeweka mtaji wangu wote ukingoni mwa lami nitabaki na nini? Mambo haya hayaanzii kwetu. Ipo mifano ya jirani, ya zamani na ya juzi, ambayo inafaa kuangaliwa.

Toroli za Mombasa

Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani ya Kenya ilianza kujenga reli nyembamba kutoka Mombasa kwenda bara. Kazi ilikwama baada ya maili chache tu. Vyuma vilivyong'olewa havikutupwa. Vilitandikwa ndani ya mji wa Mombasa, na juu yake vikapita vigari vidogo vyenye kiti na kivuli cha turubai, vilivyosukumwa na watu kwa mikono.

Kwa zaidi ya miaka 20 toroli hizo ndizo zilizokuwa usafiri wa watu wenye nafasi kati ya Mji wa Kale na bandari ya Kilindini. Waliokuwa na uwezo walivuta reli hadi mlangoni mwa nyumba zao. Vijana wengi walipata riziki kwa kusukuma, kama wanavyopata leo kwa bodaboda.

Motokaa zilipoongezeka katika miaka ya 1920, toroli zilikwisha na reli zikang'olewa. Barabara ya Kilindini haikufa, bali ilizidi kuwa mtaa mkubwa wa biashara, na leo inaitwa Moi Avenue. Aliyekuwa na duka kwenye mtaa huo aliendelea kuuza. Aliyeachwa kando ni yule ambaye kazi yake ilikuwa toroli yenyewe, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Treni ya Bububu

Zanzibar nayo ilikuwa na treni iliyopita katikati ya mitaa. Kampuni ya Kimarekani ilipewa kibali mwaka 1904, na muda mfupi baadaye treni ikaanza kwenda kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi kijiji cha Bububu, umbali wa maili saba hivi. Ndani ya mji ilipita mitaa myembamba, karibu mno na milango ya nyumba na maduka. Watu wa kawaida waliipenda kwa kuwa iliwafikisha mjini pamoja na mizigo yao.

Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Magari ya abiria na barabara nzuri vilipoanza kushindana nayo, safari za abiria zilisimamishwa mwaka 1922. Treni ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari kwa miaka michache, kisha nayo ikakoma. Tangu kuanza hadi kwisha kwa safari za abiria haikupita hata miaka 20.

Mfanyabiashara azingatie hesabu hiyo. Njia inayoonekana ya kudumu inaweza kubadilika ndani ya umri wa mtu mmoja, tena kabla mtoto aliyezaliwa siku ilipofunguliwa hajaoa.

Kivuko kilichogeuka daraja

Tusogee karibu zaidi. Kwa miaka mingi mzigo wa Katoro kwenda Mwanza ulilazimika kusubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Siku za msongamano foleni iliweza kuchukua saa kadhaa. Kwa dereva wa lori la mananasi ile ilikuwa hasara, kwani tunda halingoji. Lakini kwa muuza samaki wa kukaanga, maji, karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha, foleni ile ile ndiyo iliyokuwa soko.

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2020. Sasa gari linavuka kwa dakika chache na halina sababu ya kusimama. Mkulima wa Geita amepunguziwa gharama na hofu ya mzigo kuoza. Muuzaji wa kivukoni amepoteza mteja aliyekuwa akiletewa na foleni.

Hapa hakuna aliyekosea. Daraja lilihitajika, na ujenzi wake ulichukua zaidi ya miaka mitano mbele ya macho ya kila mtu. Miaka mitano inatosha kuweka akiba, kutafuta eneo jingine au kubadili aina ya biashara. Haitoshi kwa anayesubiri siku ya kukata utepe ndipo aanze kufikiri.

Stendi ya Ubungo

Jijini Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria katika Barabara ya Morogoro Mei 2016. Daladala ziliondolewa katika sehemu kubwa ya njia hiyo. Abiria aliyezoea kushuka popote penye kijiwe, sasa anashuka kituoni tu. Maduka yaliyo karibu na vituo yalipata watu, na yale yaliyo katikati ya kituo na kituo yakabaki kutazama mabasi yakipita.

Mwaka uliofuata nyumba na maduka mengi kutoka Kimara kuelekea Kiluvya yalivunjwa kupisha upanuzi wa barabara hiyo hiyo. Februari 2021 ikazinduliwa stendi mpya ya mabasi ya mikoani huko Mbezi Luis, na ile ya Ubungo ikaacha kazi hiyo. Wenye nyumba za wageni, mama lishe na wauza mifuko waliotegemea abiria wa alfajiri wa Ubungo ilibidi wachague: kumfuata abiria Mbezi au kutafuta mteja wa aina nyingine pale pale.

Mgodi hufungwa, njia hubaki

Kwa mji unaoishi na dhahabu kama Katoro, upo mfano mwingine wa mbali lakini wenye sura ya kwetu. Nchini Urusi, katika milima ya Ural, kuna mji mdogo uitwao Volchansk. Ulikua kwa sababu ya machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1951 mji huo ulianza kutumia tramu, yaani gari la umeme linalokwenda juu ya reli katikati ya mitaa, ili kuunganisha pande zake mbili.

Makaa ya mawe hayana tena nguvu ya zamani, na watu wengi wamehama. Waliobaki hawafiki 10,000, idadi ambayo kwetu ni ya kata moja kubwa. Hata hivyo tramu imeendelea kupita, na Volchansk inahesabiwa kuwa mji mdogo kuliko yote nchini Urusi wenye usafiri huo.

Somo kwa wafanyabiashara wa ukanda wa dhahabu ni kwamba mteja wa mgodi na mteja wa mji si mtu mmoja. Mteja wa mgodi hununua sana dhahabu inapotoka na kutoweka inapokauka. Mteja wa mji hununua chumvi, sabuni, unga na madaftari mwaka mzima. Duka lenye bidhaa za wote wawili lina miguu miwili ya kusimamia.

Ijue mita yako

Kabla ya kujenga au kupanga fremu kando ya barabara kuu, jambo la kwanza ni kujua hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60. Maana yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za zamani.

Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 hana fidia ya kutegemea, na alama yake huwa ni X nyekundu. Aliyekuwa na eneo lake kihalali ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa anastahili kulipwa eneo hilo linapotwaliwa, na huyo huwekewa X ya kijani. Aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya sheria hiyo kuanza kutumika asijidanganye kwamba jirani yake mwenye X ya kijani atamfunika.

Kupima ni kazi ya futi kamba na dakika tano, lakini uhakika upate kwa wenye mamlaka. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Mitaa ya ndani ya mji na barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa mipango ya viwanja, stendi na masoko, waulize wataalamu wa ardhi wa halmashauri. Waulize pia kama mtaa unaotaka kujenga umo katika ramani ya mipango miji, na jibu liombe kwa maandishi.

Kumbukumbu ni fedha

Jambo la pili ni vitabu vya hesabu. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinatambua kwamba mwenye eneo linalotwaliwa hapotezi ardhi na jengo peke yake. Zipo pia posho za usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na faida ya biashara inayopotea. Faida hiyo hukokotolewa kwa kuchukua faida halisi ya mwezi na kuizidisha kwa miezi 36.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anauza kila siku, lakini hana daftari, hana stakabadhi, na leseni iliisha muda wake miaka miwili iliyopita. Mthamini akifika hawezi kuandika faida ambayo haionekani popote. Daftari la shilingi chache linaweza kulinda kazi ya miaka mingi.

Kwa mpangaji wa fremu, mkataba ndio ngao. Uandikwe nani atabeba hasara jengo likivunjwa kabla ya muda, na kodi iliyolipwa mbele itarudishwaje. Kulipa kodi ya mwaka mzima kwenye fremu yenye X ukutani ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Mkulima naye asilale

Mkulima anaweza kudhani habari hizi ni za watu wa mjini. Sivyo. Barabara ikirahisika, mnunuzi kutoka Mwanza hufika shambani haraka, lakini hata mchele na mananasi ya mikoa mingine hufika Katoro kwa urahisi ule ule. Bei ya kubahatisha hupungua, na anayepona ni mwenye mzigo safi, uliopangwa kwa madaraja na unaotosha kujaza gari.

Wakulima watano wakikusanya mpunga wao mahali pamoja na kuuhifadhi vizuri, lori litatoka barabarani kuwafuata. Mkulima mmoja mwenye magunia matatu ataendelea kuyapeleka kwa bodaboda, na atakubali bei atakayoikuta.

Kwa muuza duka, hatua ya wiki hii ni ndogo: pima umbali kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wako, tafuta leseni na mkataba wako viko wapi, kisha anza daftari la mauzo na matumizi kama huna. Siku ya kuhama ikija, usijikute ukianza kutafuta karatasi wakati tingatinga limeshawasha injini.