Dini, Kazi na Mtaji: Nadharia ya Weber na Mji wa Kale

Mwanasosholojia wa Kijerumani, Max Weber, alichapisha insha mashuhuri mnamo 1904 na 1905, akadai kwamba maadili ya Kiprotestanti, hususan ya wafuasi wa Calvin, yaliuchochea ubepari wa kisasa. Muumini aliichukulia kazi yake kuwa wito wa Mungu, akajinyima anasa, na faida aliyoipata akairudisha katika biashara. Je, hoja hii ina mashiko gani tukiitazama kutoka Mji wa Kale, Mombasa?

Ushahidi ulio karibu nasi ni maandishi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa Kiswahili chepesi aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu, washike biashara na waache israfu katika harusi na matanga. Bidii na uwekevu vinahesabiwa hapa kuwa sehemu ya dini, kama alivyoeleza Weber. Hata hivyo, chimbuko lake si Calvin, bali ni Kurani na fikra za wanamageuzi wa Misri, akiwemo Muhammad Abduh.

Mbona basi mtaji mkubwa haukubaki Mji wa Kale? Wapo wanaoulaumu Uislamu kwa kuharimisha riba. Lawama hiyo haitoshi. Wafanyabiashara wa pwani walikopa kwa njia ya bei ya khiyari: mkopaji alimuuzia mkopeshaji nyumba au shamba kwa sharti la kulikomboa atakapolipa. Mikopo, kwa hiyo, ilikuwapo. Lililobadilika zaidi ni mkondo wa biashara yenyewe. Reli iliyoanza kujengwa mwaka wa 1896 na gati za Kilindini ziliivuta shehena kubwa, bandari ya kale ikaachiwa majahazi. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali ya kikoloni, si wa msikiti.

Weber mwenyewe hakudai kwamba dini pekee iliuzaa ubepari. Dini humfunza mtu namna ya kuchuma na kutumia. Njia za kuchumia huamuliwa pia na sheria, mtaji na dola. Ndiyo maana benki za Kiislamu zilipofunguliwa nchini Kenya mwaka wa 2008, ilibidi kwanza sheria ziwape nafasi. Tuyasome upya magazeti ya Sheikh Al-Amin, kwani ni fasihi ya mawaidha na ya uchumi pia.