Mkato wa Kibati cha Askari Haukuwekwa kwa Ajili ya Meno

Kila nikizungumzia jinsi majeshi yanavyotambua maiti zao, mkono hunyooshwa ukumbini nami hulijua swali kabla halijatamkwa. Eti ni kweli kwamba ule mkato mdogo ukingoni mwa kibati cha shingoni cha askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili uliwekwa ili mwenzake akichomeke kati ya meno ya mbele ya marehemu, kisha ampige teke la kidevu kikazame? Si kweli. Haikuwa kweli mwaka 1941, haikuwa kweli Vietnam, na sinema hata zirudie mara ngapi, haitakuwa kweli.

Kitazame kibati chenyewe. Ni bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 5 hivi na upana usiofika 3. Upande mmoja lina tundu la mnyororo, na ukingo unaoelekeana na tundu hilo ndio wenye mkato. Katikati kuna herufi zilizochapwa zikachomoza: jina, namba ya jeshi, herufi T na mwaka wa chanjo ya pepopunda, kundi la damu, na herufi moja ya dini, yaani P kwa Mprotestanti, C kwa Mkatoliki, H kwa Myahudi. Maandishi hayo yalichapwa kwa mashine, na mkato ndio ulioshikilia bamba lisiteleze wala kukaa kinyume. Madaktari wa jeshi nao walikuwa na kichapishio cha mkono, chenye umbo la bastola, kilichohamisha maandishi ya kibati hadi kwenye fomu ya mgonjwa bila mtu kushika kalamu. Mkato ulikuwa wa mashine. Mashine zilipobadilika, kufikia miaka ya 1970 hivi, vibati vipya vikatoka bila mkato. Kama ungekuwa wa meno, usingeondolewa, kwa sababu askari hawakuacha kufa wala kuwa na meno.

Sasa fikiria huo utaratibu unaosimuliwa. Saa chache baada ya kifo misuli ya taya hukakamaa, na kuufungua mdomo ni kazi ngumu. Baadaye mwili hulegea, taya likashuka, na chochote kilichobanwa kikadondoka. Waliopigwa na mizinga wengi hawakubaki na uso wa kuchomekwa kitu. Kubwa kuliko yote, meno ni ushahidi. Nyama ikioza na nguo zikichakaa, meno hubaki, na mtaalamu huyalinganisha na kumbukumbu za daktari wa meno wa kikosi. Kuyagonga kwa chuma ni kuharibu kitu cha mwisho kinachoweza kumrudishia marehemu jina lake. Hakuna kikosi cha usajili wa makaburi ambacho kingeruhusu jambo hilo. Utaratibu halisi ulikuwa mwepesi: vibati ni viwili, kimoja kinazikwa na mwili, cha pili kinafungwa kwenye alama ya kaburi.

Hadithi ya meno inanikera kwa sababu inaifunika habari ya kwa nini vibati viwe viwili. Huko Cold Harbor, Virginia, mwaka 1864, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, askari walijibandikia kwa pini vipande vya karatasi vyenye majina yao mgongoni mwa makoti kabla ya kushambulia, maana jeshi halikuwapa chochote. Jeshi la Marekani liliidhinisha kisahani cha alumini mwaka 1906, kimoja tu. Waingereza walifuata mwaka uliofuata, nao wakatoa kimoja. Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha kosa: mwenzako akikivua apeleke taarifa ya kifo, mwili unabaki bila jina, akikiacha, makao makuu hayana uthibitisho. Septemba 1916, mapigano ya Somme yakiendelea, Uingereza ikaamuru visahani viwili, cha kijani chenye pembe nane kibaki na mwili, chekundu cha mviringo kichukuliwe. Wamarekani walikuwa wameongeza cha pili Julai mwaka huohuo. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka kimoja kibaki na maiti.

Na kibati bila daftari ni bati tupu. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri, wakiwemo wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika nchi hizi hizi tunazoishi. Orodha za majina yao hazikutunzwa, na nyingine hazikuandikwa. Mkono ukinyooshwa kuuliza hilo, nitajibu hata saa nzima.

Kwa wenye shida ya papo hapo: Umekuta kibati pamoja na mifupa? Usikiguse, ita polisi, kwa maana mahali kilipolala ni sehemu ya ushahidi. Umerithi cha babu? Usikisugue wala kukipaka dawa ya kung'arisha. Kipige picha pande zote mbili, nakili namba kwanza kisha jina, ndipo, kama alifia vitani, utafute kwenye hifadhidata ya tume niliyoitaja, ambayo ni ya bure. Vibati vya Wamarekani vinavyouzwa mitaani Vietnam usinunue. Vingi ni vya kughushi, na familia nyingi zimeumizwa navyo. Vilivyotolewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 2015 hivi vina namba ya hifadhi ya jamii ya mtu, hivyo usivirushe mtandaoni. Na dereva wa bodaboda anayetaka kuchonga cha kwake asitegemee kundi la damu, maana hospitali italipima upya vyovyote vile. Achonge jina, simu ya ndugu, dawa zinazomdhuru, na ugonjwa alio nao kama ni kisukari, kifafa au selimundu.