Kutex Imekwama, Rimuva Imekauka

Sato beshte yangu alikuwa na bashi Umo, na bashi ya Umo huendi na kucha kavu. Nikapaka kutex nyekundu, ile ya damu, raundi mbili na gliteri juu. Zikawaka. Sande kedo saa nne usiku ndio nakumbuka Mande naanza atachi kwa jikoni ya hoteli fulani tao. Sisi wa katering tunajua hii rada: ukiingia jikoni na kutex, unarudishwa kejani kabla ushike hata kitunguu. Kipande kikibambuka kiingie kwa supu ya msee, hiyo ni kesi.

Nacheki kachupa ka rimuva, kamekauka ka jangwa. Shopi ya kona ishafungwa. Na ganji niliyokuwa nayo ni finje ya mat ya asubuhi.

Siz akaniambia niombe jirani thina, juu huyo jamaa hupulizia nganya rangi. Zii. Hiyo nilijaribu mwaka jana. Kutex ilitoka, lakini na ngozi ikataka kuifuata: vidole vikawa vyeupe ka nimekanda chapo, siku tatu siwezi shika maji moto. Wakikuyu huita shida "thina", na hapo sijui nani aliiba jina ya mwingine.

Nikaingia TikTok. Kuna mresh hapo anaapa ati ndimu na siki ndio tiba. Nikaloweka vidole dakika kumi, nikasugua hadi nikachoka. Nikatoka nanuka kachumbari, kutex bado inanicheka. Ni mbleina, wasee. Ile ngozi ngumu ya kutex ni nitroselulosi, yaani pamba iliyopitishwa kwa asidi kali kiwandani, na ndugu yake hutumika kwa baruti. Hiyo haiwezi shtuka juu ya ndimu ya ashu. Dawa ya meno nayo inakwaruza juu juu. Inapunguza ile kung'aa, basi.

Mathe alikuwa ashalala, ama ndivyo nilidhani. Sauti ikatokea nyuma ya pazia: "We msichana, paka ingine juu ufute haraka, uache kunipigia kelele."

Nikadhani anaota. Nikapaka kutex mpya kwa kidole gumba, nikafuta hapo hapo na pamba kabla ishike. Jo! Zote mbili zikatoka pamoja. Mathe anasema hii waliijua bodingi enzi zao, wakisikia tu matroni anakuja.

Na si uchawi. Wale mlisoma Kemo ya Fomu Foo mnazikumbuka zile esta za kunukia peremende. Ndani ya chupa ya kutex kuna ethili asetati na butili asetati, ndizo hufanya rangi iwe majimaji. Ukipaka, zinaruka hewani, rangi inabaki imeganda. Ukiongeza mpya juu ya kuukuu, zile esta zinashuka zinaifungua ya chini. Kumbe rimuva nilikuwa nayo kwa chupa hiyo hiyo. Siri ni mbio: paka kidole kimoja, hesabu hadi tano, futa. Ukizubaa, sasa uko na raundi tatu.

Noma ni kwamba inamaliza kutex. Vidole vinne na chupa ishafika nusu, na hiyo rangi niliinunua soo mzima pale Dubois. Hapo nikahamia plani ya pili, ile ya upole.

Kwa kabati ya mathe kuna spiriti, ile hutumika mtoi akichuna goti, na gliserini. Nikamimina vifuniko vitatu vya spiriti kwa kikombe, na gliserini robo kijiko, nikakoroga. Hizo mbili zinaelewana, hazitengani ka mafuta na maji. Spiriti inalegeza kutex, gliserini inazuia kucha isikauke ikapasuka. Kwanza niliosha mikono na maji ya vuguvugu na sabuni, nikakausha. Halafu vipande vya pamba, unavilowesha, unavibandika kwa kucha, unafunga na karatasi ya nailoni. Hapo unatulia ka dakika kumi. Spiriti si msee wa mbio ka asetoni, usimharakishe. Ukifungua, futa kutoka kwa nyama ukienda nchani, usizungushe, juu ukizungusha unapaka vidole vyote wekundu. Zingine zilitaka raundi ya pili. Gliteri ilitaka ya tatu, na matusi kidogo.

Katikati ya hiyo shughuli stima zikapotea. Siz, kwa roho safi kabisa, akawasha mshumaa akauweka kando ya kikombe. Mathe aliruka kitandani sijawahi mwona akiruka. Spiriti inashika moto ka mchezo, na mvuke wake ndio hutangulia. Tukamalizia na tochi ya simu, dirisha wazi, mbu wakila bure.

Mwisho nikapaka mafuta ya nazi, nikasugua hadi kwa ile ngozi ya pembeni. Kucha zikabaki na upinki kidogo, lakini safi.

Wenye mmepaka jeli, hii si stori yenu. Hiyo ilikaushwa kwa taa ikashikana, spiriti haiigusi. Rudi kwa yule jamaa wa kucha akuloweke na asetoni, na umwambie akupake Vaseline kuzunguka kucha kwanza. Usichokoe na wembe. Kucha ya mkono inakua ka milimita tatu kwa mwezi, kwa hivyo ukiibambua vibaya utaiangalia hivyo nusu mwaka.

Mande saa kumi na mbili na nusu niko mlango wa nyuma wa hoteli. Mpishi mkuu akanishika mikono, akaigeuza, akaisogeza karibu na taa. Akanusa.

"Umekula kachumbari asubuhi?"

"Hapana, shefu."

"Haya. Gunia la vitunguu liko kule."

Kwa miguu sikuwa nimefika. Ndani ya buti, vidole kumi vilikuwa bado viko Umo.