Kinga ya Risasi

Mfugaji wa Endulen aliyepigwa pembe na nyati, au kijana wa bodaboda aliyeanguka njia ya Rhotia, akifikishwa hospitali ya FAME mjini Karatu anaweza kupigwa eksirei na daktari akaisoma picha kwenye kompyuta papo hapo. Mtaalamu wa mionzi humlaza vizuri, kisha hujitenga nyuma ya kinga ndipo abonyeze kitufe. Walioendesha mashine za kwanza hawakujua kujitenga.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Vifaa vyake vilikuwa vichache: chupa ya kioo iliyotolewa hewa, koili ya kukuza nguvu ya umeme, na karatasi iliyopakwa dawa ya kung'aa. Hakudai haki ya kumiliki ugunduzi wake, kwa hiyo ndani ya miezi michache madaktari wa nchi nyingi walikuwa wamejiundia mitambo yao.

Mwaka 1898 mtambo ulifika Abadieh, Sudan, ukingoni mwa Mto Nile, pamoja na Meja John Battersby wa jeshi la Uingereza. Umeme haukuwepo. Watu walikanyaga baiskeli ya viti viwili ili izungushe dainamo na kujaza betri. Baada ya jeshi hilo kupigana vita Omdurman, majeruhi 21 walikuwa na risasi ambazo madaktari walishindwa kuzipata kwa njia za kawaida. Eksirei ilitoa jibu sahihi kwa 20 kati yao. Risasi zilionekana kwa sababu madini ya risasi huzuia mionzi isipite. Kwa sababu hiyohiyo madini hayo hutengenezewa aproni na kuta za vyumba vya eksirei. Kinga ilikuwa pale pale kwenye picha, lakini ilichukua miaka mingi na maisha ya watu kabla haijawa desturi.

Mionzi ilianza kutibu karibu mara moja. Huko Vienna mwaka 1896, Leopold Freund alimmulika msichana mdogo mwenye baka la nywele mgongoni, saa mbili kwa siku. Nywele zilipukutika. Kisha ngozi ikachimbika kidonda kikubwa, na alifika uzeeni akiwa bado na makovu.

Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akipima mashine kwa kuumulika mkono wake mwenyewe. Saratani ilimla ngozi. Akakatwa mikono yote miwili, na mwaka 1904 akafariki. Edison aliacha kabisa kazi ya eksirei.

Hospitali ya Wajerumani iliyojengwa ufukweni Dar es Salaam mwaka 1897, wakati ule ule wa mitambo hiyo ya kwanza, leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wagonjwa kutoka mikoa ya mbali husafiri kwenda kupigwa mionzi huko, kwa dozi iliyopimwa na kulengwa kwenye uvimbe.

Mtaalamu wa eksirei naye hupimwa. Kifuani hubandika kibeji kinachotunza kumbukumbu ya mionzi iliyomfikia, na kazi ya kukisoma ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara Njiro, Arusha.